Sabuni Tatu kwa Shavu la Baba Mkwe

Kipande cha sabuni kilikuwa kimebaki chembamba kama ukucha, na Mama Povu alikitoa kabatini siku moja tu katika juma: Jumamosi asubuhi, siku ya baba mkwe wake.

Jina hilo la Mama Povu alipewa na wateja, maana hakuna aliyejua kuumua povu la kunyolea kama yeye. Lakini kinyozi hasa alikuwa mumewe. Yeye alikuwa wa kufagia nywele na kuchemsha maji, na kwa miaka kumi na tisa alikaa pembeni akitazama mikono ya mwenzake. Mume alipofariki, Mungu amlaze pema, mwanamke alikaa na ufunguo wa kile chumba cha kunyolea miezi miwili bila kufungua. Halafu siku moja akafungua.

Maneno yakawa mengi. Mwanamke ashike wembe kwenye koo la mwanamume? Wateja wa zamani walimsalimia kwa mbali, wakaendelea na safari zao.

Aliyeyakata maneno yale ni baba wa marehemu. Alikuja Jumamosi ya kwanza, akavua kofia, akaketi kwenye kile kiti cha ngozi iliyopasuka, akainua kidevu. Mama Povu aliomba dua moyoni, akamnyoa. Alipomaliza, mzee alijipapasa shavu, akaitikia kwa kichwa, akatoka. Juma la pili wakaja wateja wawili, la tatu wakaja watano. Miaka mitatu sasa mzee hakuwa amekosa Jumamosi hata moja, wala hakuwa amemtaja mwanawe hata mara moja.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Mama Povu aliliona na hakumwambia mtu. Kila mzee alipotoka, akifika kwenye kona ya duka la vioo, alisimama, akatoa leso, akajifuta uso na shingo kwa muda mrefu, kichwa kimeinama. Mama Povu alimtazama kupitia dirishani na moyo ukamuuma. Analia, alijiambia. Ameisikia harufu ya sabuni ya mwanawe, amejikaza mpaka kona, sasa analia.

Maana marehemu hakutumia sabuni nyingine. Ilikuwa ya kijani, ngumu kama jiwe, na harufu yake ilikuwa kali, ya majani yaliyopondwa na lami kwa mbali. Ilikuwa imeingia kwenye taulo na kwenye mbao za kabati. Asubuhi Mama Povu akifungua mlango, ile harufu ndiyo iliyomkaribisha.

Sasa haikuwa ikitengenezwa tena. Mwenye duka la jumla alimwambia bila kuinua macho, "Hiyo sahau, mama. Imeshakwisha duniani."

Mama Povu alirudi akiwaza. Yeye na marehemu hawakujaliwa mtoto. Kamba kuu iliyobaki kati yake na ukoo ule ilikuwa kile kidevu cha Jumamosi. Harufu ikiisha, mzee atakuja kufuata nini?

Akanunua tatu za kujaribu. Ya kwanza ya kopo, yenye harufu ya msandali. Ya pili krimu ya tyubu, ya mnanaa. Ya tatu kipande cheupe cha limau, kimefungwa kwenye karatasi isiyo na picha hata ya udevu mmoja.

Shida ni kwamba kinyozi mwanamume hujijaribia mwenyewe. Yeye ndevu angetoa wapi? Alianza na mkono wake, chini ya kiwiko, penye malaika, vile vinyweleo laini. Povu likakaa vizuri, wembe ukapita, lakini mkono wa mtu aliyefua nguo maisha yake yote hauwezi kutoa ushahidi juu ya shavu la mzee. Akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi wa kuchomelea mageti, mwenye ndevu ngumu kama nyaya.

"Kwa hiyo mimi ndiyo ubao wa kujaribia, shem?" alisema akiketi. "Ukinikata, utanitafutia mke mwenyewe. Hakuna atakayenitaka."

"Kwani sasa hivi yupo anayekutaka?"

"Haya, nyoa. Nyoa tu, umeshanikata tayari."

Shavu la kulia akampaka msandali. Povu lilipanda zito, likang'ang'ania uso kama lina deni nao, na wembe ukateleza bila kelele. Shemeji akavuta pumzi. "Nanukia kama bwana harusi." Lakini baada ya nusu saa harufu ilikuwa bado imewakalia wote wawili puani, na Mama Povu akajua kuwa mzee asingeivumilia. Mzee ni mtu wa kuomba radhi hata kwa kikohozi chake.

Shavu la kushoto likapata mnanaa. Krimu ilifura haraka, nyeupe, ndefu kama kilemba. Shemeji akapiga kelele, "Uwii, baridi! Shem, umenipaka barafu?" Mama Povu akacheka, akajipaka kidogo chini ya kiwiko. Ila kabla hajamaliza nusu ya shavu, kile kilemba kilikuwa kimenyauka kikawa unga, na wembe ukaanza kukwaruza. Povu jingi lile lilikuwa upepo mtupu.

Chini ya kidevu akaweka limau. Hiyo ilikuwa na uvivu wake. Brashi ilizunguka na kuzunguka, maji akaongeza mara tatu, povu likatoka fupi, lenye maji, halivutii macho. Lakini wembe ulipita kama kidole kwenye siagi, na harufu ikaondoka pamoja na maji ya kusuuzia.

"Hii ndiyo yenyewe," shemeji alisema akijipapasa. "Sihisi kitu kabisa."

"Lakini hainukii kama ile ya kaka yako."

Shemeji akajifuta kidevu. "Hakuna inayonukia kama ile, shem."

Usiku Mama Povu alifikiri, na alfajiri, baada ya sala, akapata ujanja. Jumamosi alikikata kile kipande cha kijani katikati. Nusu akaiyeyusha kwenye maji ya moto, akalichovya taulo ndani yake, akalikamua. Harufu ikajaa chumbani kama zamani. Harufu ya mwanawe ataipata kwenye taulo, alijiambia, na ngozi itapata limau. Hatajua.

Mzee akaja, akavua kofia, akaketi. Mama Povu akamfunika uso kwa taulo lenye mvuke, na mikono ya mzee ikakamata kiti. Anamkumbuka, Mama Povu alisema moyoni, akaliacha taulo kidogo zaidi kwa huruma. Alipoliondoa, akampaka povu la limau na kuanza.

Wembe ulipofika chini ya sikio, mzee akafumbua macho.

"Hii ni nini?"

Mama Povu alishtuka, akauondoa wembe. Miaka mitatu hakuwa ameulizwa swali kwenye kiti kile. "Nisamehe, baba. Ile imeadimika. Hii ni nyingine, ila ile nimekuwekea kwenye taulo, ili usi..."

"Umeniwekea kwenye taulo?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akajitazama kwenye kioo. Palipopita taulo palikuwa pekundu, na vipele vidogo vimeanza kuota. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mama Povu alidhani ndiyo hayo machozi ya kona, kumbe mzee anacheka, povu linamdondokea kifuani.

"Mwanangu," alisema, "ile sabuni inaniwasha tangu siku ya kwanza aliyoileta mwenzako. Aliinunua kwa fahari, akaniambia, baba, hii ndiyo ya wakubwa. Ningemwambiaje? Nilikuwa nafika pale kona na leso, najikuna mpaka basi. Halafu akaondoka, ukaishika wewe. Nikasema, huyu mtoto anashikilia harufu ya mumewe, nimnyang'anye?"

Mama Povu akaketi kwenye stuli ya wateja, brashi mkononi. "Na mimi nilikuwa nakutunzia wewe."

"Basi tumeumizana vizuri."

"Kwa hiyo pale kona ulikuwa hulii, baba?"

Mzee alilitazama lile taulo kwenye beseni. "Siku nyingine ni mwasho," alisema. "Siku nyingine ni mwanangu."

Kisha Mama Povu akasimama, akaongeza maji kwenye brashi, akaumaliza upande uliobaki polepole, na mzee akamsimulia jinsi marehemu alivyojifunza kunyoa kwa kumpaka mbuzi sabuni ya kufulia.

Mlangoni, akivaa kofia, mzee aliuliza, "Ile nusu nyingine ipo?"

"Ipo."

"Usiitupe. Shavu ndilo lililokuwa likiteseka. Pua haikuwa na ugomvi nayo."

Jumamosi iliyofuata mzee aliingia, akaenda kabatini mwenyewe, akakichukua kile kipande kikavu cha kijani, akakinusa macho yamefumbwa. Akamwonyesha Mama Povu naye anuse. Akakirudisha mahali pake, akaketi na kuinua kidevu.

"Haya, mwanangu. Lete limau."