Kibodi Iliyofungiwa Kabatini

Alhamisi, tarehe 16 Mei. Manyunyu tangu alfajiri, kisha jua la kubabaisha.

Hiyo ndiyo siku ambayo programu ya foleni za wagonjwa ilijaribiwa zahanati. Ikikwama, kikosi kizima kivunjwe. Ndivyo wakubwa walivyosema.

Mkuu wa kikosi alikuwa na miezi miwili tu katika cheo. Wenzake wanne bado walimwita Mashine, kwa jinsi alivyokuwa akiandika programu. Ukuu ulikuwa umemkondesha. Kila asubuhi aliwahi ofisini kabla ya wote, akafumua kazi zao na kuziandika upya. Nao wakazoea: ya nini kujisumbua, Mashine atamalizia.

Jumanne alikwenda kumlilia dada yake, mwenye duka la ushonaji.

"Mdogo wangu, nina mafundi sita. Umeniona nimekalia cherehani ya nani?"

"Lakini dada, wanakosea!"

"Si wafumue wenyewe! Ukimfumulia fundi atakushukuru, na kesho atakosea palepale."

Jumatano, mbele ya wote, Mashine akachomoa kibodi yake, akaifungia kabatini, na ufunguo akamkabidhi Babu, mkongwe wao.

"Mkuu, umefukuzwa?" Babu akauliza.

"Nimejifukuza. Kila mtu afumue chake. Mkikwama, njooni tuzungumze."

Siku nzima vidole vilimwasha kama mwenye upele.

Sasa zahanati, saa tatu asubuhi, spika ikaita namba kumi na saba. Wakasimama wawili.

"Ya kwangu hii!" akasema mzee mwenye fimbo.

"Mzee wangu, hata mimi kumi na saba!" akajibu mama mwenye mtoto mgongoni.

Muuguzi mkuu akakunja uso. Jozi nne za macho ya wenzake zikamgeukia Mashine. Alikalia mikono yake, kweli kabisa, viganja chini ya mapaja.

"Sehemu ya kutoa namba ni ya nani?"

Binti mmoja wa kikosi, ambaye hata vikaoni hafungui mdomo, akasema, "Yangu."

"Unaona nini?"

"Madirisha mawili ya mapokezi yameomba namba kwa pamoja. Nililisahau hilo. La pili lisubiri la kwanza limalize."

"Unahitaji nini?"

"Dakika kumi, na mtu asinisimamie kichwani."

Alitumia tisa. Mama mwenye mtoto akapewa namba kumi na nane, na mzee akampisha atangulie. Hadi jioni walihudumiwa wagonjwa mia moja na kumi na wawili, hakuna aliyegongana na mwenzake.

"Hiyo programu haitoki hapa," muuguzi mkuu akasema. "Atakayeitoa aanze na mimi!"

Wakacheka hadi Babu akafuta machozi.

Ijumaa asubuhi Mashine alifika pamoja na wenzake, si kabla yao. Akaomba ufunguo, akafungua kabati, akaitoa kibodi na kuipangusa vumbi. Akaiweka kwenye meza ya yule binti wa sehemu ya namba, ambaye ya kwake ilikuwa imeng'oka vitufe viwili.