Pijo au Landrova ya Kumleta Mzee Nyumbani

Jioni ya pili ya matanga, nyumbani kwetu Kathonzweni, tulimaliza maombi nikaanza kumimina chai. Wanaume wawili wa kamati ya mazishi walikuwa wakibishana ni gari gani litamtoa mume wangu mochari: Pijo yake kuukuu ya pikapu, au Landrova ya mzee wa kanisa.

"Pijo inabeba tani nzima, na inakimbia," alisema mmoja, akijipiga goti.

"Inavuta na magurudumu mawili tu, bwana. Kwa mchanga wa mto italala hapo. Landrova inavuta na yote manne."

"Lakini springi zake ni ngumu. Marehemu atarushwa huko nyuma."

"Kwani atalalamika?"

Wakacheka, wakagongana viganja. Mungu anisamehe, nusura niwamwagie birika. Mtu aliyewabebea wagonjwa wao kwa Pijo hiyo, leo amekuwa gunia la ndengu?

"Ataletwa na gari lake," nikawaambia polepole. "Likikwama mtoni, nyinyi wawili mtashuka msukume."

Wasomaji wangu, tunaomba kwa machozi, halafu baada ya Amina tunamsahau mwenye msiba.

Ijumaa, siku ya kumleta, Pijo ilikwama mtoni. Wale wawili walishuka wakasukuma, wakiwa na suti zao.