Mtaimbo Karibu na Dira

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, kaka yangu na mimi tulitoka kwetu Iringa tukaajiriwa na mzungu mmoja mpima miamba, kwenye magenge ya juu ya Chimala. Kazi yenyewe ilinichekesha. Kabla ya kung'oa jiwe unaweka dira juu yake, unachora mshale wa rangi kuelekea kaskazini, ndipo unalibandua. Bwana alisema mwamba ulipokuwa wa moto ukapoa, uliishika kaskazini ya siku zile kama sumaku. Nchi ikipasuka na kuinama, jiwe huinama nayo, na kwa mshale ule yeye hujua limegeuka kiasi gani. Nikamwambia kaka, "Huyu jua limemwingia kichwani." Kaka alicheka, ila alielewa kuliko mimi.

Amri ilikuwa moja: dira ikitoka, chuma chote kikalazwe mbali, hatua ishirini, maana chuma huvuta sindano yake. Sasa sisi, baba alitulea kwa fimbo kwamba chombo cha kazi hakilazwi chini, kinaegemezwa karibu nawe. Wiki nzima nilichora mishale huku mtaimbo umeegemea mwamba, karibu na bega langu. Mjinga mimi! Wala sikukaidi, mkono ulifanya ulivyozoea.

Bwana akapima upya mahali pamoja, akakuta mshale umepotoka. Akatuita. "Nani kachora hii?"

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane, na kaka alijua anayekosea hufukuzwa au hupewa kazi mbaya. "Mimi, bwana," akasema. Nami, Mungu anisamehe, nikatazama vidole vya miguu yangu.

Kaka akaamriwa apande peke yake akachore yote upya. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, genge limelowa. Nilimkimbilia njiani nikamwambia narudi kusema ukweli.

"Nyamaza wewe! Ukifukuzwa, mtoto atakula nini? Mishale?"

Akachukua dira na kopo la rangi, akapanda. Kabla ya saa sita mchana genge likakatika. Tulimfukua kwa mikono, na rangi ilikuwa bado mbichi kwenye vidole vyake.

Tulimzika nyumbani. Mama aliniuliza kwa nini alipanda peke yake kwenye matope yale. "Bwana alimtuma," nikasema. Nilijichukia, na bado najichukia.

Kaburi lilipokwisha kufukiwa, nilikwenda mbali na watu, nikalilaza jembe langu chini kwenye nyasi. Kule Chimala sikuweza. Siku hiyo niliweza. Baba akaniona. Akaja taratibu, akaliokota, akaliegemeza begani kwangu.

"Hata leo, mwanangu?" akasema. "Kaka yako asingesahau nilichowafundisha."

Nikalishika jembe.