Kanga ya Kufunika Kioo

Baba yangu ni fundi cherehani mstaafu, na tangu nipate akili amekuwa pia waziri wa radi wa nyumba yetu. Wingu likijikusanya juu ya ziwa, aliacha mshono katikati na kuanza kutoa amri: zima swichi kubwa, funika kioo cha kabati, wote kitandani, na mguu wa mtu usiguse saruji. Tulipanda, tukabanana, tukacheka chini ya shuka. Sasa kila mmoja ana kwake, lakini tukikutana lazima mtu aigize amri zile kwa sauti yake ya puani. Yeye husubiri tumalize, kisha anasema iko siku mtaalamu atatuumbua.

Kwa hiyo niliposikia kuna makumbusho madogo ya historia ya umeme, kwenye banda la jenereta la kiwanda cha zamani cha pamba kando ya ziwa, nilimpigia simu nikitegemea kumtania. Aliuliza swali moja tu, kama hapo pana mtu wa kuulizwa maswali. Nilipomfuata nyumbani kwake Buswelu nilimkuta mlangoni amevaa koti lake la Idi, kama anakwenda kuposa.

Makumbusho yenyewe ni chumba kimoja na nusu, na hiyo nusu imejaa jenereta. Ukutani kuna swichi nyeusi za duara na safu ya mita za zamani, zote zimesimama. Baba alisema hizo ndizo mita anazozipenda. Kwenye meza ya vitu vilivyotumika kabla ya umeme alikuta pasi ya mkaa. Akaifungua, akachungulia ndani, akalalamika kwamba aliyeitumia mwisho aliiweka na majivu yake. Mwongozaji, binti mwenye heshima zake, alimwomba taratibu airudishe.

Hapo ndipo baba alipovua kofia na kuleta kesi yake. Alieleza habari ya swichi kubwa. Binti akasema ni vizuri, ili mradi izimwe mapema, kabla radi haijafika. Baba akanitazama. Akaeleza habari ya miguu na saruji. Binti akafikiri, akasema sakafu ikiwa na maji, kwa kweli mzee hakukosea. Baba akanitazama tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi, na mimi nikajifanya nasoma maandishi ya jenereta.

Lakini nilikuwa na turufu yangu. Nikamwambia, "Baba, bado kioo. Muulize na kioo."

Akavaa kofia. Akamshukuru binti, akamwombea heri, akatoka nje.

Nilimfuata nikicheka. Nilimwambia ameogopa, kwamba anajua kabisa kioo hakiiti radi, na kwamba leo jioni wadogo zangu wote watapata taarifa. Alikuwa amesimama akiangalia maji, na hakucheka hata kidogo.

"Kioo hakikuwa changu," alisema. "Kilikuwa cha mama yako. Mimi nilikuwa natangaza tu, ili mkicheka mnicheke mimi. Sasa nimuulize yule binti, aseme hapana, na mwenyewe hayupo kujitetea?"

Mama ametutoka, na kumbe miaka yote ile baba alikuwa amesimama mbele yake akipokea vicheko vyetu. Iliniuma, na papo hapo nilimpenda baba kupita nilivyowahi kumpenda. Nikamshika mkono tukaenda kutafuta bajaji.

Tulipofika Buswelu wingu lilikuwa limeshatufuata. Baba alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kubwa. Mimi niliingia chumbani, nikachukua kanga ya mama iliyoning'inia pembeni ya kabati, nikafunika kioo, nikapanda kitandani na kukunja miguu.

Baba akaja, akasimama mlangoni akikagua.

"Pembe ya chini iko wazi," alisema.

Nikashuka, nikaivuta.