Migebuka Katika Chungu cha Maziwa

Hata leo nikikaanga vitunguu kwa mawese, nakumbuka siku iliyofuata Noeli. Mama alikwenda shambani akaniachia kupika. Kulikuwa na kiporo cha wali wa sikukuu, nyanya mbili, kitunguu, na migebuka mitatu, samaki wakavu aliowaleta shangazi kutoka ziwani. Sufuria zilikuwa za kuazima na majirani walishazichukua, basi nikainjika chungu nilichokiona kwanza.

Mchuzi ukawa mwekundu, unachemka vizuri, nami naimba. Bibi akaingia na mdogo wangu mgongoni, akanusa, akasimama.

"Mjukuu wangu, hicho si chungu changu cha maziwa?"

"Nitakiosha, Bibi."

"Kwani samaki anaoshwa akatoka? Maziwa yakikutana na samaki, ng'ombe anakauka. Huyu mtoto atakunywa nini?"

Ng'ombe tulikuwa naye mmoja tu, na mdogo wangu aliishi kwa maziwa yake, maana ya mama yalikuwa yamekatika. Nikaufunika ule mchuzi bila kuuonja.

Asubuhi nilijibanza nje ya zizi nikisikiliza Bibi anavyokamua. Akatoka na kibuyu kimejaa mpaka shingoni.

"Hicho chungu sasa ni chako," akasema. "Mimi nitatafuta kingine."

Bibi hakuwahi kuonja samaki maisha yake yote. Akatazama tena ndani ya kibuyu, akafikiri, kisha akaniuliza taratibu, "Ule mchuzi ulibaki?"