Rangi Nyekundu ya Furaha

Mimi na Furaha tulifanya staji, yaani mazoezi ya kazi, katika biro, ofisi moja hapa Kalemie, na nafasi ya kazi ilikuwa moja tu. Siku moja niliona kwenye kompyuta ya Mama Shefu, mkubwa wetu wa kazi, kwamba barua pepe za Furaha zimetiwa rangi nyekundu. Zangu zilikuwa nyeusi. Wivu ukaninyima usingizi. Nikaanza kuandika YA HARAKA juu ya kila barua, hata ya kuomba karatasi. Mwishowe, mkutanoni, nikalipuka.

"Mama Shefu, na mimi nitie nyekundu!"

Mama Shefu, mwalimu wa zamani, akavua miwani, akanigeukia. "Papa, kwenye buletini ya masomo, ile karatasi ya matokeo ya shule, pointi nyekundu njo za nani?"

"Za wenye kuanguka!" wakaitika wote. Furaha akainamisha kichwa.

"Zake nazitia rangi nipate kumusahihisha. Kazi nilikuwa nimekuwekea wewe, mpaka hizo haraka zako zilipoanza."