Pampu Iliyofungwa Ingali Ikitoa Maji

Saa moja asubuhi. Damari Alute amepiga magoti ndani ya shimo la mchanga, katikati ya korongo lililokauka, anachota maji kwa kata. Debe moja linamchukua dakika arobaini. Nyuma yake wanawake kumi na sita wanasubiri zamu.

"Fundi mzima, na wewe umo shimoni?" anamtania mmoja wao.

"Fundi wa pampu yenye kufuli," anajibu bila kuinua kichwa.

Damari, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, ndiye fundi wa pampu ya mkono katika kijiji hiki cha Ujamaa, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kinyangiri. Pampu ililetwa mwaka 1974 kwa ruzuku ya mfuko wa hisani wa familia moja ya ng'ambo. Kaya 210 zilizohamishiwa hapa zilikunywa maji yake kwa miaka miwili. Hilo halina ubishi.

Juni mwaka huu washa ya ngozi, kikombe kidogo kinachovuta maji ndani ya bomba, ilichakaa. Damari aliandika barua kuomba nyingine. Akajibiwa kwamba itatoka kiwandani, ng'ambo.

Siku tisini na saba zikapita. Katika muda huo zahanati iliandikisha watoto 43 wenye kuhara. Miezi mitatu iliyotangulia walikuwa 11. Washa haikuja; aliyefika ni mpaka rangi, kulipaka upya bango lenye jina la mfuko. Rangi imo katika ruzuku. Washa za akiba hazimo.

"Baba yangu alishona viatu na kamba za ng'ombe. Ngozi naijua," anasema Damari.

Alikata ngozi ya shingo ya dume, akailoweka kwenye mafuta, akaibana ndani ya kinu kidogo mpaka ikashika umbo. Maji yalitoka siku kumi na tisa.

Siku ya ishirini alikuja mwakilishi wa mfuko, Bwana Gasto. Akaing'oa washa, akaufunga mpini kwa kufuli.

"Mkataba unasema vipuri vya kiwanda tu, mama."

"Na huo mkataba unakunywa maji gani?"

Gasto akatia ufunguo mfukoni. Alipoulizwa baadaye, alisema kukiuka mkataba kutazuia ruzuku ya kisima cha pili. Ni kweli, kifungu hicho kipo. Hakuna kifungu kinachotaja siku za kusubiri.

Mwenyekiti wa kijiji, Stefano, anaogopa kukikosa kisima hicho.

"Tuvumilie, Ndugu Damari."

"Vumilia wewe, Mwenyekiti, unayechotewa."

Jumamosi kijiji kitakutana. Damari ataomba kura ya kuvunja kufuli, na barua ya kuwaarifu wafadhili iwe na jina lake peke yake, lawama zimwangukie yeye. Washa nne alizokata mwenyewe ziko tayari.

"Kisima cha pili wakitunyima," anasema, "watatunyima tukiwa tumeshakunywa."